Plastiki Nyeusi za Gari Zilizopauka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tumeyasikia bandani kwetu Kisumu, upande wa barabara ya Kakamega. Yameulizwa na wenye Probox za kubeba mzigo, wenye matatu, walimu wa Vihiga wanaoshuka mjini Jumamosi, na watu wa Nakuru waliokuja kula samaki wakaona foleni ni fupi. Tumeanza na yale ya msingi na kumalizia na yale ya nadra. Kama huna subira, soma kwanza jibu la tone la maji, kisha uruke hadi panapokuhusu.

## Msingi

Kwa nini plastiki nyeusi ya gari hugeuka kijivu?

Kwa sababu tabaka lake la juu limekufa. Bampa zisizopakwa rangi, matao ya magurudumu, vipande vya ubavuni na ile plastiki iliyolala chini ya waipa, nyingi zimetengenezwa kwa polipropileni iliyochanganywa na raba kidogo ili isivunjike ikigongwa. Weusi wake si rangi iliyopakwa juu. Ni unga wa kaboni, ndugu wa masizi ya sufuria, uliokorogwa humo kiwandani. Ukikata kipande, ndani nako ni cheusi.

Jua lina miale ya urujuanimno ambayo macho hayaioni. Miale hiyo, ikisaidiwa na joto na oksijeni ya hewani, hukatakata minyororo ya molekuli za plastiki. Uso huingia nyufa ndogondogo na kuwa kama chaki. Nyufa hizo hutawanya mwanga huku na huku, na jicho hupokea kijivu badala ya cheusi. Fikiria kioo cha dirisha: kikiwa kizima unaona hadi ng'ambo, kikisagwa kinakuwa unga mweupe, na kioo ni kilekile. Nafuu yetu ni kwamba kaboni huinyonya miale kabla haijapenya ndani, kwa hivyo sehemu iliyokufa ni nyembamba sana.

Watu husema plastiki imepauka, kama mguu wa mtoto aliyetoka kuoga bila kupakwa mafuta. Neno linafaa, ila lina udanganyifu ndani yake. Ngozi ni kitu hai, ukiipaka mafuta itajitengeneza yenyewe. Plastiki haijitengenezi. Chochote unachoifanyia hufanya moja kati ya haya: kinajaza nyufa, kinazifunika, au kinaziyeyusha. Ukimuuliza muuza dawa yake inafanya lipi kati ya hayo akakosa jibu, rudisha pesa mfukoni.

Gari nimelitoa Mombasa mwezi jana. Mbona lina weupe tayari?

Ni jipya kwako tu. Kenya huruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake haujazidi miaka 8, na mengi huja yakiwa yanakaribia ukomo huo. Plastiki yake imekwisha kuota jua la Japani miaka yote hiyo, kisha ikakaa yadi. Ulipolinunua lilimeta kwa sababu lilikuwa limepakwa dawa ya kumetameta ya kuuzia. Baada ya kuoshwa mara mbili tatu, ukweli umejitokeza.

Jua la Kisumu na la Nakuru, lipi linaharibu zaidi?

Yote mawili yanatupiga kutoka juu kabisa ya kichwa. Mstari wa ikweta unapita Maseno, kwenye barabara ya Busia, na Nakuru nayo iko chini yake kidogo tu. Tofauti ni mwinuko. Kisumu iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, Eldoret karibu 2,100. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa ya kuichuja inapungua. Kwa hivyo Nakuru na Eldoret kuna baridi lakini miale ni mikali zaidi, na Kisumu tunalipia kwa joto. Gari linalolala nje litapauka kotekote. Lile linaloegeshwa kila siku pembeni mwa ukuta uleule hupauka ubavu mmoja kuliko mwingine, na mwenyewe huja akidhani kipande kimoja kilibadilishwa.

Nitajuaje kama yangu bado inaweza kurudi?

Tumia tone la maji. Osha sehemu ndogo, ikauke kabisa, kisha lowesha kidole na uidondoshee. Ikigeuka nyeusi palepale, basi kijivu unachokiona ni nyufa tu, na kitu chochote kizuri cha kuzijaza kitafanya kazi. Ikibaki kijivu hata ikiwa imelowa, tabaka lililokufa ni nene, au kuna uchafu na waksi iliyoganda. Rudia kuosha kabla ya kukata tamaa.

Baada ya hapo pitisha kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na unga wa kijivu, unga huo ni plastiki iliyokufa na lazima uondoke wote kabla ya kupaka kitu. Mwisho pitisha ukucha. Kama unazihisi nyufa kwa ukucha, dawa haitakusaidia tena. Nenda kwenye majibu ya rangi na ya spea.

## Kusafisha

Naanzia wapi?

Kwa sabuni na brashi, na usione kwamba tunakupotezea muda. Tisa kati ya kumi wanaotuletea malalamiko kwamba dawa haikushika walipaka juu ya uchafu. Hiyo si takwimu ya mtu yeyote, ni mazoea ya banda letu.

Weka gari kivulini na usubiri plastiki ipoe. Mwagia maji kwanza ili mchanga utoke. Kisha tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo siku nyingine tungekukataza kwa sababu inaondoa waksi kwenye bodi, lakini hapa ndicho tunachotaka. Sugua kwa brashi ya nyuzi laini, kama ile ya viatu ambayo haijaguswa rangi, na mswaki wa zamani kwa pembe za grili na pembezoni mwa nembo. Zungusha, usipige mistari. Povu la kwanza litatoka la kijivu au la kahawia. Suuza, rudia. Endelea hadi povu libaki jeupe. Kwa gari lililopakwa vitu mara nyingi hiyo huwa mara tatu au nne.

Udongo mwekundu wa Bungoma na Kakamega una tabia yake. Huingia kwenye vinyweleo vya plastiki yenye mchoro wa ngozi na kukaa humo hata baada ya gari kuonekana safi. Loweka sehemu hiyo kwa kitambaa chenye sabuni kwa dakika kumi kabla ya kusugua. Vumbi la Nakuru ni laini zaidi na hutoka kwa urahisi, ingawa hurudi kabla hujafika lango la nyumba. Wanasema jina la mji lenyewe latokana na neno la Kimaasai la vumbi.

Ukimaliza, kausha kwa taulo, kisha usubiri tena. Hapa ndipo wengi hukosa. Maji hujificha kwenye vinyweleo na nyuma ya kingo, na ukipaka dawa juu yake utapata mabakamabaka. Saa nzima kwenye hewa inatosha siku ya jua. Malizia kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti ya duka la dawa ili kuondoa mabaki ya mafuta. Spiriti hukauka haraka, na plastiki itaonekana mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzo. Usishtuke, huo ndio uso wake halisi.

Mashine ya presha haitoshi?

Haitoshi. Inaondoa tope, haiondoi mafuta wala plastiki iliyokufa. Ukiisogeza karibu sana hung'oa kingo na stika.

Madoa meupe ya waksi au polishi hayatoki. Nifanyeje?

Polishi ya bodi ina unga laini wa kusugulia, na unga huo ukiingia kwenye plastiki yenye vinyweleo hukauka humo kama chokaa. Maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki huondoa mengi. Yanayobaki, yapake spiriti, subiri kidogo, sugua tena. Kifutio cha penseli cheupe hufanya kazi vizuri kwenye doa dogo kwenye plastiki laini isiyo na mchoro. Siku nyingine, bandika tepu ya wapaka rangi kwenye plastiki kabla ya kupolishi bodi.

Kuna wanaoshauri kupaka siagi ya njugu karanga. Si uongo: mafuta yake hulainisha waksi na chembe zake husugua polepole. Lakini baadaye lazima uoshe mafuta hayo pia, na sisimizi wetu wa hapa hawahitaji mwaliko. Njugu ziliwe.

Naweza kusafisha kwa petroli, thina au mafuta taa?

Thina na petroli, hapana. Grili nyingi na maganda ya vioo vya pembeni ni plastiki aina ya ABS, ambayo thina huilainisha hadi ikashika alama za vidole, na petroli huidhoofisha ikapasuka baadaye. Polipropileni ni sugu zaidi, lakini hutajua upo juu ya ipi hadi usome maandishi ya nyuma (tazama jibu la rangi). Petroli ina hatari nyingine ambayo haihitaji maelezo kwa mtu anayevuta sigara karibu na gari.

Mafuta taa na dizeli hupuliziwa sana sehemu za kuoshea magari, chini ya gari na kwenye plastiki, kwa sababu vinafanya kila kitu kiwe cheusi kwa siku mbili. Havisafishi. Vinaacha mafuta yanayokusanya vumbi na kuvimbisha raba.

## Vitu vya nyumbani

Rangi ya viatu je? Jirani yangu anaitumia na gari lake linang'aa.

Litazame baada ya mvua. Rangi ya viatu ni nta na rangi nyeusi zilizolainishwa kwa kiyeyushi. Kiyeyushi hukauka, nta na rangi vikabaki vimelala juu. Kijivu kinafunikwa, ni kweli. Lakini jua la saa saba huilainisha nta ile, na mtu akiegemea gari akiwa na suruali ya kanisani mtagombana. Mvua kubwa ya jioni huishusha ikachora michirizi kwenye bodi nyeupe. Na ubaya mkubwa zaidi hujitokeza siku unapotaka kutumia dawa halisi, kwa sababu kuitoa nta hiyo kwenye vinyweleo ni kazi ya asubuhi nzima.

Kama una arusi kesho na gari ni la kubeba maharusi, paka, futa sana, na umwambie bibi harusi asiguse.

Na mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka, au oili ya injini?

Mafuta ya kupikia huganda na kunata, kisha hunuka. Mafuta mazito ya kujipaka ya petroli hayanuki, lakini hayakauki kamwe, kwa hivyo kila vumbi linalopita lina kitanda. Kisumu tuna balaa letu la ziada: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka kama moshi. Egesha gari lililopakwa mafuta upande wa Dunga jioni moja tu, kesho yake utadhani bampa imeota nywele.

Oili iliyotumika ya injini ndiyo tunayoipinga kwa nguvu zote. Ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi, inakuja mikononi mwako na mwa watoto wanaocheza karibu na gari, na inavimbisha raba. Weusi wake si dawa, ni uchafu wa injini.

Fundi seremala amenipa mafuta ya linseed. Yanafaa?

Hayo ndiyo pekee kati ya vitu vya nyumbani tunavyoviheshimu. Mafuta ya linseed yaliyochemshwa, yale ya kupaka samani, hayabaki mafuta. Yakikutana na oksijeni huganda na kuwa ngozi nyembamba ngumu, yaani hujaza nyufa kisha hukaa. Paka kidogo sana kwenye plastiki iliyosafishwa vizuri, subiri dakika kumi na tano, kisha futa yote yaliyobaki juu kana kwamba umejuta kupaka. Yakiachwa mazito yatanata kwa siku nyingi na kushika vumbi. Acha gari ndani usiku mzima.

Sasa sikiliza hili vizuri. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikifinyangwa na kutupwa kwenye kona hujipasha joto chenyewe wakati mafuta yanaganda, na kinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke, au kitumbukize kwenye ndoo ya maji. Banda la mabati na mbao halihitaji jaribio la pili.

## Dawa za dukani

Ziko nyingi. Ninunue ipi?

Sahau picha kwenye chupa, angalia ukoo wake. Ukoo wa kwanza ni dawa za silikoni za kumetameta, nyingi huuzwa pamoja na dawa ya tairi. Zinajaza nyufa kwa umajimaji, kwa hivyo weusi unarudi papo hapo na kuondoka upesi. Zile za maji, nyeupe kama maziwa, huacha mng'ao wa kiasi na hazikusanyi vumbi sana. Zile za mafuta mazito humeta kama samaki aliyetolewa majini na hushika kila kitu.

Ukoo wa pili una rangi ndani yake. Dawa hizi hutia weusi kwenye tabaka lililokufa na nyingi zina gundi ya kuufunga. Zinafaa plastiki iliyochoka ambayo tone la maji limeifanya nyeusi kwa shida. Zinachafua mikono, zinachafua bodi, na ukizipaka vibaya utaona mistari hadi Krismasi.

Ukoo wa tatu ni za seramiki, chupa ndogo yenye bei ya kukasirisha. Hizi huganda na kuwa tabaka gumu linalofunga nyufa na kuzuia maji. Kwa gari ambalo plastiki yake bado si mbovu sana, na mwenyewe yuko tayari kusafisha kama tulivyoeleza, ndizo tungenunua kwa pesa zetu. Kwa Probox inayobeba mawe ya Nyando, nunua ya maji na uirudie kila baada ya wiki kadhaa. Mawe hayajui seramiki.

Napakaje ili isiwe na mabaka?

Funga bodi iliyo jirani kwa tepu. Weka dawa kwenye sponji, si kwenye gari, ili isirukie kioo cha mbele au breki. Fanya kipande kimoja hadi mwisho wake, usiishie katikati ya mlango ukaenda kunywa chai, maana kiungo kitaonekana. Tabaka jembamba, subiri dakika tano, futa ziada kwa taulo laini la maikrofaiba, kisha kama inahitajika rudia. Za seramiki huganda haraka kwenye joto letu, kwa hivyo zipakwe asubuhi mapema au jioni, na usiache tone likauke kwenye rangi ya bodi.

Itakaa muda gani?

Kwa magari yanayolala nje huku kwetu, tumeona silikoni ikikaa kati ya wiki moja na mwezi, kutegemea mvua na mara ngapi unaosha. Za rangi na za seramiki hukaa miezi kadhaa, na juu ya uso uliosafishwa ipasavyo zinafika mwaka. Chupa inayokuahidi milele inahesabu miaka ya mwandishi wa chupa.

Mvua imenikuta saa mbili baada ya kupaka. Nirudie?

Kama ni silikoni ya maji, haidhuru, futa matone na uongeze pale palipopauka. Kama ni ya rangi au seramiki, acha ikauke kwanza. Ukiona matone yameacha alama za mviringo, futa kwa spiriti kipande hicho chote na uanze upya. Kuongeza juu ya alama huzifungia humo. Kuanzia Machi hadi Mei usianze kazi hii Kisumu baada ya saa sita mchana. Wingu la upande wa Nandi halitoi taarifa.

## Moto na rangi

Nimeona video mtu anatumia mashine ya hewa moto na plastiki inarudi nyeusi mbele ya macho. Ni kweli?

Ni kweli, na ndiyo njia pekee inayoziyeyusha nyufa zenyewe badala ya kuzijaza. Polipropileni huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 na kidogo. Hewa ya mashine hiyo mdomoni inaweza kupita 500. Unapoipitisha juu juu, ngozi ya plastiki huyeyuka kidogo sana, nyufa hufungana, na weusi wa kaboni uliokuwa chini huonekana tena.

Mimi mwenyewe niliharibu bampa ya shemeji yangu kwa njia hii. Nilikuwa nimefanya upande mmoja ukatoka kama mpya, nikajiona fundi, nikasimama kwenye kona nikiongea na mtu. Sekunde chache tu. Kona ikalegea ikaingia ndani kama shavu la mzee, na mchoro wa ngozi ukafutika ukabaki unang'aa. Shemeji hajalisema jambo hilo tena, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hivyo: jaribu kwanza sehemu ya nyuma au ya chini isiyoonekana. Mkono usisimame hata kidogo. Weka umbali wa shibiri moja, sogea karibu polepole hadi uone rangi ikibadilika, kisha endelea mbele. Uchafu wowote uliobaki utapikwa humo, hivyo kusafisha ni lazima. Kaa mbali na rangi ya bodi, taa, sensa za kuegesha na nyaya. Fanyia nje. Tochi ya gesi na jiko havihusiki hapa. Na usiutumie moto kwenye ABS, ambayo hupinda mapema zaidi.

Moto haurudishi kinga iliyokwisha kuisha ndani ya plastiki. Usipopaka kitu cha kuzuia jua baada yake, kijivu kitarudi baada ya miezi, na kila ukirudia moto, mchoro wa plastiki unazidi kupotea. Sisi hufanya mara moja, kisha tunapaka seramiki.

Kwa nini nisipulizie tu rangi nyeusi nimalize?

Kwa sababu polipropileni hukataa rangi kama bata anavyokataa maji. Uso wake haushikwi na gundi wala rangi. Viwandani bampa za kupakwa rangi hupitishwa motoni kwanza, au hutiwa praima maalumu, ili uso ukubali. Ukipuliza kopo juu yake tu, rangi itaonekana nzuri wiki mbili, kisha jiwe dogo litaifungua na itamenyeka kama ganda la ndizi.

Kwanza geuza kipande na usome nyuma. Kuna herufi zilizogandamizwa: PP (yaani polipropileni), au PP ikifuatwa na EPDM (ile raba iliyochanganywa), ni ile inayokataa, ABS hukubali kwa urahisi zaidi. Kwa PP, osha, sugua na msasa laini wenye maji (ukavu huiacha na manyoya), futa kwa spiriti, puliza praima ya plastiki, kisha rangi nyeusi isiyong'aa, matabaka membamba matatu badala ya moja nene. Mchoro wa ngozi utapungua. Na ukishapaka rangi, hakuna kurudi kwenye dawa. Utakuwa unapaka rangi maisha yote ya bampa hiyo. Tunaishauri tu pale ukucha ulipohisi nyufa.

Fundi wa rangi amekataa gari langu, anasema nilipaka silikoni. Ananionea?

Hakuonei. Silikoni hata kidogo ikibaki kwenye bodi huisukuma rangi mbichi, na vishimo vya mviringo hutokea, vile mafundi wanaviita macho ya samaki. Hapa Kisumu macho ya samaki yanapendwa kwenye sahani tu. Mwambie ulipaka nini na lini, naye ataosha kwa kisafishi chake kabla ya kuanza. Ukimficha, mtalipa wawili.

## Mambo ya pembeni

Raba za madirisha na milango nizipake dawa hiyohiyo?

Ile ya silikoni ya maji, ndiyo. Chochote chenye petroli, dizeli au mafuta ya kujipaka, hapana, kwa sababu raba hizo huvimba na kulegea, kisha maji ya mvua huanza kuingia miguuni.

Dashibodi je?

Usitumie dawa ya kumetameta. Itaakisi kwenye kioo cha mbele ukielekea magharibi jioni, na hutaona bodaboda. Usukani na pedali usiziguse kabisa, zitateleza.

Taa zilizogeuka njano hutibiwa vivyo hivyo?

Hapana. Hiyo ni polikaboneti yenye tabaka la kinga juu. Tabaka hilo lililochakaa huondolewa kwa msasa, taa ikang'arishwa, kisha ikapewa kinga mpya ya jua.

Plastiki imepasuka na nimeifunga kwa vibano vya nyaya. Nifanye nini kwanza?

Tengeneza ufa kwanza, weusi baadaye. Mafundi wengi wa Kondele huchomelea polipropileni kwa pasi ya solda na vipande vya plastiki ya aina ileile. Ukipaka dawa kabla ya kuchomelea, kiungo hakitashika. Kama ni bampa ya kazi na vibano vinashika, viache. Vina hadhi yake siku hizi.

Ni lini ninunue kipande kingine badala ya kuhangaika?

Kama ukucha umehisi nyufa na kipande ni kidogo, kama ile plastiki ya chini ya waipa ambayo hufa mapema kuliko zote kwa kuwa imelala chali juani. Spea za mtumba zipo, lakini zifute kwanza kwa spiriti ukiwa bado kwa muuzaji. Wauzaji wa spea nao wana dawa ya kumetameta.

Nataka kununua gari la mkononi. Plastiki nyeusi tititi inaniambia nini?

Inakuambia kwamba mwenye gari ana chupa. Chukua kitambaa cheupe chenye spiriti, omba ruhusa, futa sehemu moja ya chini. Kikitoka cheusi, ni rangi ya viatu au dawa yenye rangi. Kisha tazama nyuma ya namba na chini ya kioo cha pembeni, pale sponji haifiki, ulinganishe. Lakini usilikatae gari kwa sababu ya kupauka peke yake. Kupauka kunaonyesha gari lililala wapi, hakukuonyeshi injini.

Naweza kufanyia kazi hii ufukweni wakati gari linaoshwa?

Osha mbali na maji. Lile povu la kijivu, spiriti na mafuta yote huishia ziwani, na samaki wa chakula cha mchana wanatoka humohumo.

Fundi amesema atamaliza gari zima kwa dakika kumi na tano. Nimwamini?

Kwa dakika hizo anaweza kupaka, hawezi kusafisha. Mwambie afanye bampa ya nyuma peke yake, umlipe ya hiyo tu, na umwambie utarudi kwa zilizobaki baada ya mvua ya kwanza. Mwezi wa Aprili, Kisumu, hutasubiri kupita jioni hiyohiyo.